UZI: Boya la kuteleza kwa tunaovua ufukweni. Kina kwanza, chambo baadaye

Mshipi Mrefu

Wadau, kila wikendi lazima mtu aulize hapa kuhusu Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria: "Ngege (tilapia) wa Dunga anakula chambo gani?" Majibu ni yaleyale: nyungunyungu, ugali, mkate, kumbikumbi ikiwa msimu wake umefika. Muulizaji anabeba vyote, anashinda juani, anarudi na fulu, vile visamaki vidogo, ambao hata paka wa nyumbani atawahurumia. Wiki inayofuata anauliza tena.

Mimi nasema hivi: vyambo hivyo vyote vinaliwa. Kinachowashinda watu ni kina. Ngege amesimama mita tatu chini, wewe nyungunyungu wako ananing'inia nusu mita tu. Au umemzamisha topeni kabisa, kaa wanamla kwa raha zao, nawe umekodolea macho boya lililolala ukidhani leo ziwa limegoma.

Boya la kawaida, lile linalofungwa mahali pamoja kwenye mshipi, ni zuri kwa maji ya kiunoni. Simama juu ya mawe utake kuvua mita tatu au nne, litakuchosha mara mbili. Unaporusha, una mita tatu za mshipi na ndoano zinazunguka kichwani pako na pa jirani. Unapomtoa samaki, boya linagota kwenye ncha ya fimbo na huwezi kukunja zaidi, samaki bado yuko chini anapiga mkia.

Boya la kuteleza lina tundu katikati na mshipi unapita humo bila kushikwa. Ukishuka kutoka kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) unakutana na fundo dogo la kizuizi, kisha ushanga, kisha boya, chubwi (uzito wa kuzamisha), na mwisho ndoano. Wakati wa kurusha, boya limeshuka na kukaa juu ya chubwi, kwa hiyo unarusha kitu kimoja kifupi. Likigusa maji, chubwi linazama, mshipi unateleza ndani ya boya mpaka fundo lifike kwenye ushanga. Ushanga unaziba tundu na boya linasimama. Kina chako ni umbali kutoka kwenye fundo hadi kwenye ndoano, basi. Ukikunja, fundo linapita kwenye vipete vya fimbo na kuingia kwenye rili pamoja na mshipi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvua mita tano kwa fimbo ya mita mbili.

Kazi yote iko kwenye fundo. Chukua uzi wa nailoni wa kushonea, urefu wa shubiri moja. Ulaze sambamba na mshipi, ukunje upate kitanzi, kisha ncha moja izungushe mara tano au sita ukikamata mshipi na uzi kwa pamoja, ndani ya kile kitanzi. Lowesha kwa mate, vuta ncha zote mbili polepole. Likaze kiasi kwamba unaweza kulisogeza kwa kucha, lakini lenyewe lisitembee. Halafu, usikate ncha hadi kwenye fundo. Acha sentimita moja kila upande. Ncha za namna hiyo hujilaza zikipita kwenye vipete. Ukizikata fupi zinakuwa ngumu, zinakwaruza na kukwama, na umbali wako wa kurusha unapungua.

Kupima kina ni hivi. Kabla ya chambo, tundika kitu kizito kwenye ndoano, hata nati ya baiskeli. Rusha. Boya likivutwa likapotea, nati haijafika chini, kwa hiyo ongeza kina. Likilala ubavu, umezidisha. Sogeza fundo mpaka ncha ya boya ichungulie tu juu ya maji. Sasa umejua sakafu ya ziwa iko wapi. Toa nati, punguza shubiri moja, weka chambo. Wakikataa kwa robo saa, pandisha nusu mita. Usibadilishe chambo, badilisha kina.

Ndoano ya ngege isiwe kubwa kuliko namba 8, na namba 10 ni bora. Kwa wageni: namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Nimeona mtu akiingia duka la vifaa vya uvuvi akiomba "namba 12, kubwa kubwa".

Karibuni tubishane.

Chipukizi wa Manyatta

Asante mkuu. Haya maboya yanauzwa wapi hapa Kisumu? Niliyoyaona mjini ni yale ya kubana tu.

Karakana

Usinunue. Tafuta patipati iliyochoka. Wavuvi wa nyavu wamekuwa wakikata soli za patipati kuwa maboya tangu zamani, na sisi wa ndoano tuna nini cha kuona aibu?

Kata kipande chenye unene wa kidole gumba na urefu wa kidole cha kati. Kisugue kwenye simiti mpaka kiwe cha mviringo, chembamba chini, kinene juu kidogo. Pasha moto spoki ya baiskeli, kitoboe katikati kwa urefu. Usikaze mkono, iache spoki ijipenyeze, ukiharakisha tundu litatokea ubavuni. Halafu chukua mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, uoshe kwa mafuta taa, uingize kwenye lile tundu, ukate ubakize milimita mbili kila mwisho. Ncha za mrija zipitishe karibu na moto wa kiberiti zilainike, zisije zikaukata mshipi. Juu paka rangi ya kucha, nyekundu au ya machungwa. Nyeupe inapotea kwenye mng'ao wa maji ya asubuhi.

Bila ule mrija boya litateleza siku ya kwanza tu. Soli ikilowa inabana mshipi, boya linabaki lilipo, nawe utakuwa umerudi kwenye lile la kawaida bila kujua.

Machubwi: kwa mafundi wa magurudumu kuna vipande vya risasi vya kubalansia vilivyotupwa. Vikate kwa patasi. Tafadhali usiyeyushe risasi kwenye jiko mnalopikia, na usiikaze kwa meno kama wengi wanavyofanya. Ni sumu, na mtoto anaumia haraka kuliko mtu mzima. Kama hutaki risasi, nati ndogo zinatosha. Ongeza uzito mpaka theluthi ya juu ya boya ndiyo inayobaki hewani. Boya jepesi mno kwa chubwi litazama, na lililo kubwa mno ngege atalisikia zito, ateme.

Shanga nenda soko la Kibuye Jumapili. Chagua zenye tundu dogo.

Chipukizi wa Manyatta

Shanga za kiuno za dadangu zitafaa?

Karakana

Zitafaa ukibaki hai. Nenda Kibuye.

Nyar Kendu

Mshipi Mrefu, heshima zako zipo, lakini hilo la "chambo baadaye" limenikera. Nimekulia kwenye mtumbwi na kaka zangu Kendu Bay, tukivua kwa mshipi wa mkono na plagi kuukuu ya gari kama chubwi. Mbuta (sangara) halambi ugali hata umteremshie kwa kamba mpaka mdomoni. Anataka kitu kinachotembea. Kwani mumi (kambare) wachanga wanaozalishwa kwenye mabwawa wanauzwa kwa nani? Wengi wanaishia kwenye ndoano za mishipi mirefu ya kuvulia mbuta. Kama chambo si kitu, wale wavuvi wangekuwa wanatupa pesa majini.

Na hata huyo ngege wako. Ugali mtupu unayeyuka kabla haujafika mita tatu. Sisi tunaufanya hivi: ugali mgumu wa jana, unga wa ngano kiasi, omena (dagaa) iliyokaushwa na kusagwa, na nyuzi kidogo za pamba ya dukani. Unaukanda mpaka ushikamane. Pamba ndiyo inayoushikilia kwenye ndoano, na fulu wakidonoa hawaumalizi. Tonge liwe dogo kama punje ya njugu, lifunike ncha ya ndoano tu.

Kwa mumi, nenda Obunga hapa Kisumu asubuhi kwa akina mama wa mgongo wazi (mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu), omba matumbo na mabaki. Yakilala siku moja juani ni bora zaidi, ila usiyabebe kwenye matatu.

Mshipi Mrefu

Kwa mbuta nakubali, nimekaa chini. Kwa ngege sibanduki. Huyo ni samaki anayekula mwani, wadudu, mabaki, karibu kila kitu, ndiyo maana amelishinda ziwa. Hiyo ya pamba naiiba.

Niongeze tu kwamba mbuta wa chini ya sentimita 50 anarudishwa majini, na hapo boya linasaidia. Ukiangalia boya unamnasa mapema, ndoano ikiwa mdomoni. Mshipi uliotegwa na kuachwa humkuta amemeza mpaka tumboni, na huyo ukimrudisha unajidanganya.

Nyar Kendu

Sawa hapo. Na omena mbichi kuanzia Aprili hadi Julai usiitegemee, uvuvi wake umefungwa. Anayekuuzia wakati huo jiulize ameitoa wapi.

Bwawa la Shinyalu

Huku Kakamega hatuna ziwa, tuna mabwawa ya samaki, mengi ni ya ule mpango wa serikali wa 2009. Langu nimeweka ngege na mumi, na wageni wanalipa kuvua kwa ndoano. Naomba nipinge jambo moja ambalo hata hamjalisema ila najua linakuja: "amka alfajiri".

Ziwani sawa. Bwawani, hasa lenye maji ya kijani kibichi, alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mwani hutengeneza oksijeni mchana kwa mwanga wa jua, usiku nao unaitumia pamoja na samaki. Kukipambazuka oksijeni iko chini kabisa. Utawaona ngege wamejaa juu wanahema kwa midomo, mgeni anashangilia, anarusha, hakuna anayegusa. Samaki anayetafuta pumzi hana hamu ya kula. Mimi nafungua saa tatu, nne. Jua likishachoma kidogo wanaanza kula, na hapo boya la nusu mita linatosha, bwawa lenyewe lina mita moja tu. Hakuna haja ya kuteleza.

Kingine: ngege jike anayebeba mayai mdomoni hali chochote siku hizo. Ukiona samaki wamejaa kwenye viota karibu na ukingo na wote wanakipita chambo, waache, nenda upande mwingine.

Chipukizi wa Manyatta

Na sisi tusio na rili? Nina mwanzi na mita nne za mshipi.

Mshipi Mrefu

Mwanzi na boya la kufunga, usibadilishe kitu. Faida ya kuteleza inakuja pale maji yanapozidi urefu wa fimbo. Mwanzi wako wenye mshipi wa mita nne unafika mita tatu na ushee moja kwa moja bila kurusha. Unateremsha tu, kimya, bila kishindo. Kwenye matete mwanzi unanishinda mimi mwenye rili. Ila kina pima vilevile kwa nati.

Baba Kamongo

Vijana mmesahau gugumaji. Tangu liingie ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1990, uvuvi wa ghuba hii si ule tuliorithi. Asubuhi mnaona maji meupe, alasiri upepo wa ziwani umelisukuma zulia lote mpaka miguuni penu. Mkirusha chubwi la chini mnavua mizizi.

Mimi hapo ndipo nimelikubali boya la kuteleza, japo nililicheka nilipoliona mara ya kwanza. Natafuta upenyo kwenye gugumaji, hata wa upana wa karai. Nadondosha. Mshipi unashuka wima ndani ya boya, haulali juu ya majani, mzigo unafika chini palepale ulipoangukia. Boya la kufunga lingeburuta mshipi wote pembeni.

Chini ya gugumaji oksijeni ni haba, kwa hiyo msitegemee ngege hapo katikati. Hapo ni nyumbani kwa mumi na kamongo, kwa sababu wote wawili wanaweza kuvuta hewa ya juu. Kamongo utamjua. Anapanda, anavuta pumzi, anashuka, na maji yanabaki na duara. Ukiona duara linarudiwa mahali pamoja, weka matumbo ya kuku au kipande cha samaki, ndoano kubwa, mshipi mnene, na utulie. Hali kwa pupa. Boya litatikisika, litasogea shubiri moja, litasimama, mtu mwepesi wa hasira anavuta na kukosa. Ngoja liondoke moja kwa moja upande mmoja.

Ukimtoa, vidole mbali na mdomo. Mataya yake yana meno ya sahani yanayovunja makombe ya konokono, na kidole chako si kigumu kuliko konokono. Mumi naye ana miiba kwenye mapezi ya mbavuni. Mshike nyuma ya miiba, kichwani, au mfunike kwa gunia.

Naivasha Upepo

Kutoka upande wa Nakuru: watu wakisikia kaunti yetu wanaulizia Ziwa Nakuru. Sahauni. Lile ni ndani ya mbuga ya taifa, hakuna kuvua. Maji ya kuvulia ni Naivasha, na samaki wake karibu wote ni wahamiaji. Besi aliletwa kutoka Marekani 1929, kamba wekundu wa Louisiana 1970, na karpi alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 akawa kwa muda ndiye aliyejaza mitumbwi.

Kwa karpi, uzi huu unageuka kichwa chini. Yeye analima tope. Fundo nalisogeza mpaka chambo kilale sakafuni kabisa na chubwi dogo liguse tu. Akiinua chambo anainua na chubwi, kwa hiyo boya halizami, linainuka na kulala. Wageni wanalitazama wakisema upepo. Huo ndio wakati wa kuvuta. Chambo ni mahindi yaliyochemshwa yakalainika, au ule mkando wa Nyar Kendu bila omena.

Besi yeye nyungunyungu mnene, nusu ya kina, kando ya mafunjo. Na tazameni nyuma. Viboko wa Naivasha hawapigi hodi, hasa jua likiinama.

Mwalimu wa Sondu

Kabla hamjaendelea na mafundo: tusisahau kichocho. Konokono wanaokisambaza wanakaa kwenye majani ya ukingoni, palepale mnapopenda kusimama na maji yakiwa magotini ili mrushe mbali. Vaeni gambuti au vueni mkiwa juu ya mawe. Na mkiwa mtumbwini vaeni jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Wanafunzi wangu wakirudi ziwani huwa nawauliza hilo kabla ya kuuliza wamepata nini.

Naivasha Upepo

Swali kwa Mshipi Mrefu. Upepo ukianza, mshipi kati ya fimbo na boya unapinda kama upinde, nikivuta samaki ameshatema. Unafanyaje?

Mshipi Mrefu

Mambo mawili. Kwanza, mara tu boya likisimama, chovya ncha ya fimbo majini na ukunje kidogo ili mshipi uzame chini ya uso wa maji. Upepo unasukuma kilicho juu. Mshipi ukiwa na mafuta ya mkono unaelea, basi usugue kwa sabuni ya kipande kisha uusuuze.

Pili, boya likienda, usivute hapohapo. Kunja mpaka uhisi uzito, kisha ndipo uinue fimbo, kwa kiwiko, si kwa bega. Watu wengi wakiona boya limezama wanarudi nyuma hatua mbili wakivuta, ilhali kuna mita mbili za mshipi uliolegea. Unachovuta ni huo ulegevu tu.

Ngege mwenyewe mara nyingi hazamishi boya. Lina mtetemo, kisha linaenda pembeni polepole, au linabaki na ncha tu. Hiyo ya pembeni ndiyo ya kuvuta. Mtetemo peke yake ni fulu, au ni ngege anaonja. Mtetemo ukiendelea bila matokeo, punguza tonge kabla hujapunguza ndoano.

Na kwa wanaovua maeneo yaliyofurika mwaka wa 2020, chini kuna nyua za zamani, visiki na seng'enge. Boya la kuteleza linakuepusha navyo, maana chambo kinakaa juu yake. Chubwi la kulaza chini hapo utakuwa unalinunua kila rusho.

Chipukizi wa Manyatta

Nimeelewa. Moja la mwisho: nikifika ufukweni nianze tu kurusha, au kuna wa kuomba ruhusa?

Nyar Kendu

Kila ufuo una BMU yake, yaani kamati ya wavuvi inayousimamia. Nenda kwao kwanza, salimia wazee, jieleze unavua kwa ndoano kwa burudani. Watakwambia leseni inapatikana vipi, wengine watakuelekeza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Watakuonyesha pia nyavu na vizimba vya kufugia samaki vya watu viko wapi. Ngege wanazunguka vizimba wakifuata mabaki ya chakula, kwa hiyo utatamani kurusha karibu. Usithubutu. Mwenye kizimba akiona ndoano yako kwenye wavu wake hatakuuliza ni ya kuteleza au ya kufunga.

Karakana

Chipukizi, nina patipati mbili zimechoka hapa karakana. Pita Alhamisi uje na kalamu iliyokwisha wino.